Paneli ya mbali kwa seva zako za Linux: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoendesha seva chache za Linux bila kuwa na mtu aliyeajiriwa kuzitazama usiku na mchana: watengeneza tovuti wanaojitegemea, kampuni ndogo, shule, mashirika yenye fundi mmoja anayefanya kila kitu. Wengi wao wanatujia na swali la paneli (ukurasa wa kusimamia seva kwa kubonyeza vitufe) ipi ni nzuri. Sisi tunaanza na swali lingine: ufunguo wa seva utakuwa mkononi mwa nani, na siku paneli haipo, kazi itaendeleaje? Ukishajibu hayo, kuchagua jina ni kazi nyepesi.

Paneli ya mbali ni kitu gani, na inatofautianaje na cPanel niliyoizoea?

Paneli za zamani hukaa ndani ya seva yenyewe. Unaweka cPanel, Plesk, Webmin au HestiaCP kwenye mashine, nayo inafungua poti yake, yaani namba ya mlango wa mtandao (Webmin 10000, Plesk 8443, cPanel 2083 na 2087), kisha unaingia kwa kivinjari. Programu ya paneli na majina ya watumiaji wake viko kwenye diski ileile inayobeba tovuti za wateja, na inakula RAM ileile.

Paneli ya mbali hukaa kwa kampuni nyingine. Unafungua akaunti Laravel Forge, Ploi, RunCloud, ServerPilot au SpinupWP, unawapa anwani ya seva uliyoikodi Hetzner, DigitalOcean au kwa kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam, nao wanaipanga: Nginx (programu inayotoa kurasa za tovuti), PHP, hifadhidata, cheti cha TLS (kinachokifanya kivinjari kiione tovuti kuwa salama), kazi za ratiba. Seva inabaki yako na bili yake unailipa kulekule ulikoikodi. Usiichanganye na Cloudways, ambayo DigitalOcean iliinunua mwaka 2022. Pale wao ndio wanaokodi seva kwa niaba yako, na root, yaani mamlaka ya juu kabisa ya seva, hupewi.

Inaingiaje kwenye seva yangu?

Kwa njia mbili. Forge na Ploi huingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva na kuipa amri: unapounganisha seva, ufunguo wao wa umma huwekwa kwenye /root/.ssh/authorized_keys, na kila unapobonyeza kitufe kwenye kivinjari, kompyuta yao inaingia na kutekeleza amri. RunCloud na ServerPilot huweka ejenti, yaani programu ndogo inayoishi ndani ya seva na kupokea maagizo. Ejenti ya RunCloud huhitaji poti 34210 iwe wazi.

Tofauti hii ina uzito kwenye faiawoli. Kama ni SSH, poti 22 lazima ifikike kutoka kwao, lakini si lazima ifikike na dunia nzima. Kampuni makini huchapisha orodha ya anwani zake za IP, nawe unaruhusu hizo pamoja na za ofisini kwako, basi. Kabla hujalipa, tafuta orodha hiyo kwenye nyaraka zao. Usipoiona, waandikie uulize. Namna watakavyojibu itakuonyesha mapema utaishi na watu wa aina gani.

Kwa hiyo nimewapa root?

Ndiyo. Kurasa za mauzo hulipitia jambo hili haraka, na sisi tungependa ukae nalo. Paneli ya mbali haiwezi kusasisha mfumo, kuunda watumiaji wala kuwasha na kuzima huduma bila mamlaka ya juu kabisa ya seva. Anayeingia kwenye akaunti yako ya paneli ana seva zako zote. Anayeingia kwenye mitambo ya kampuni yenyewe ana seva za wateja wao wote.

Si hofu ya kufikirika. Mnamo Januari 4, 2023, CircleCI, huduma ya mtandaoni inayotunza funguo za wateja ili kujenga na kusafirisha programu zao, iliwaambia wateja wake wote wabadilishe kila siri waliyoihifadhi humo. Programu hasidi ilikuwa imeingia kwenye kompyuta ya mhandisi mmoja na kuiba kikao chake ambacho tayari kilikuwa kimepita uthibitisho wa hatua mbili. CircleCI si paneli ya seva, lakini muundo ni huohuo: mtu wa tatu ameshika funguo za wengi, na siku akiguswa, wewe ndiye unayekesha ukibadilisha funguo.

Hapo ndipo mahali pa kuwa mkali. Uthibitisho wa hatua mbili uwe wa lazima kwa kila mtu kwenye timu, tena kwa programu ya simu au ufunguo wa kifaa badala ya SMS, maana wizi wa laini kwa kubadilisha kadi ya simu tunaujua vizuri huku kwetu. Paneli iwe na kumbukumbu inayoonyesha nani alifanya nini na saa ngapi. Iweze kumpa kijana wa mafunzo tovuti moja bila kumpa seva nzima. Na wawe na ukurasa unaosema wazi mtafiti wa usalama akigundua kasoro awaandikie wapi. Paneli isiyo na hata kimoja kati ya hivi, iache, hata kama ni nzuri kwa macho.

Paneli inaniomba pia ufunguo wa API wa kampuni ninayokodi seva. Niwape?

Usiwape, isipokuwa unaunda seva mpya kila wiki.

Ufunguo huo, unaoiruhusu programu nyingine kuiamuru akaunti yako, ni wa kukurahisishia: paneli inakuundia seva DigitalOcean au Hetzner bila wewe kutoka kwenye ukurasa wao. Lakini root inaweza kuharibu seva moja, ilhali ufunguo wa API wenye mamlaka kamili unaweza kufuta seva zote pamoja na picha zake za akiba. Mwezi Juni 2014 kampuni ya Code Spaces ilivamiwa kupitia akaunti yake ya Amazon. Mvamizi alidai pesa. Walipojaribu kumtoa, akaanza kufuta. Ndani ya saa kumi na mbili hivi sehemu kubwa ya data, bekapu na mashine ilikuwa imekwenda, na kampuni ikafunga milango. Bekapu zilikuwepo, ila zilikuwa chini ya ufunguo uleule.

Unda seva kwa mkono wako, kisha iunganishe kwenye paneli kama seva ya kawaida. Karibu zote zinaruhusu. Ni dakika chache zaidi, nawe umebaki na mlango ambao paneli haiujui.

Si bora basi paneli ya ndani? Ufunguo unabaki kwangu.

Ni hoja nzuri, na kwa fundi anayesasisha seva zake kila wiki huenda ndiyo jibu. Kwa wengine wote, historia inatuonya.

Mwaka 2018 VestaCP, paneli ya ndani, ilipigwa mara mbili. Mwezi Aprili wavamizi walitumia kasoro ya paneli yenyewe kuteka seva na kuzitumia kushambulia wengine, hadi DigitalOcean ikazuia poti 8083 kwenye mtandao wake. Mwezi Oktoba ikagundulika kwamba hati ya usakinishaji ilikuwa imechezewa kwenye chanzo chake, ikituma siri za kuingilia za kila aliyesakinisha. Kwa Webmin, ambayo ipo tangu 1997, mtu aliingiza mlango wa nyuma kwenye seva wanayojengea programu. Toleo 1.890 lilitoka na mlango huo wazi, na haikujulikana hadharani hadi Agosti 2019. Mwezi Oktoba 2024 ikawa zamu ya CyberPanel: paneli zaidi ya 20,000 zilikuwa wazi mtandaoni zikiwa na kasoro iliyomruhusu mgeni kutekeleza amri kama root, na nyingi zikafungwa na programu ya kudai fidia iitwayo PSAUX.

Yote haya yana asili moja. Paneli ya ndani ni ukurasa wa kuingia ulio wazi kwa dunia, unaoendeshwa kwa mamlaka ya root, na unasasishwa pale tu mwenye seva anapokumbuka. Siku kasoro inapotangazwa, mashine za wavamizi hukagua anwani zote za IP duniani ndani ya saa chache. Fundi mmoja mwenye seva tisa, aliye safarini kwenda msibani, hawezi kushindana na hilo.

Tukio la Kaseya la Julai 2, 2021 linafundisha zaidi, kwa sababu VSA ya Kaseya, programu ya kusimamia kompyuta nyingi kwa mbali, ilikuwapo kwa namna zote mbili, ya kuweka mwenyewe na ya kupangishwa kwao. Zilizovamiwa ni zile ambazo wateja walijiwekea wenyewe. Zilizopangishwa kwao, kampuni ilizizima zote mara moja kwa tahadhari. Biashara zipatazo 1,500 ziliumia, na Coop ya Sweden ilifunga maduka yake karibu 800 kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi.

Hatusemi paneli ya mbali haiwezi kuvamiwa. Ikivamiwa, pigo ni la wote kwa pamoja. Tunachosema ni kwamba kasoro ikitokea, kuna watu wanaolipwa kuiziba usiku huohuo, na kwenye seva yako hakuna ukurasa wa kuingia wa kushambulia. Umeondoa hatari moja unayoweza kuizembea na kubeba nyingine usiyoweza kuigusa. Kwa timu ndogo, sisi tunaona mara nyingi hiyo ni biashara yenye faida, mradi uwe na njia ya kutoka.

Paneli ikizima, tovuti zangu nazo zinazima?

Hapana. Nginx, PHP na hifadhidata ziko kwenye seva yako, na wageni wa tovuti hawapiti kwenye paneli. Utakachokosa ni vitufe: hutaweza kuongeza tovuti wala kusukuma toleo jipya kwa njia uliyoizoea.

Huku kwetu swali hili lina upande wa pili. Mnamo Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na majirani. Siku kama hiyo, seva iliyoko Nairobi inaweza kuendelea kufikika ndani ya nchi kupitia kituo cha kubadilishana trafiki, ilhali paneli iliyoko Ulaya haifikiki kabisa, wala yenyewe haiifikii seva. Aliyekuwa na SSH yake mwenyewe aliendelea na kazi. Aliyetegemea kivinjari tu alisubiri. Kwa hiyo, kama seva zako ziko ndani ya nchi na zinahudumia watu wa ndani ya nchi, jifunze njia ya SSH hata kama unaipenda paneli, na uwe na mtumiaji wako mwenye sudo (ruhusa ya kutekeleza amri kama root) ambaye paneli haikumuunda.

Nikiacha kulipa, nini kinatokea?

Siku ya kwanza, hakuna. Ndiyo sababu watu hujidanganya.

Matatizo huja polepole, na la kwanza kabisa huwa cheti. Cheti cha Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, huishi siku 90. Kwenye baadhi ya paneli, kazi ya kukihuisha huanzishwa kutoka upande wao na haimo kwenye seva yako. Umeondoka Januari, kila kitu kinang'aa, halafu Machi mteja anapiga simu kwamba kivinjari kinawaambia wageni tovuti si salama. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt wenyewe wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Muda nao unapungua: kwa makubaliano ya kampuni za vyeti na za vivinjari ya mwaka 2025, kuanzia Machi 2029 hakuna cheti cha umma kitakachoruhusiwa kuzidi siku 47.

La pili ni vifurushi vya programu. Forge na Ploi huweka Nginx na PHP kutoka kwenye hazina za kawaida zinazotumiwa na watu wengi wa Ubuntu, hivyo ukiondoka, apt, kisakinishi cha Ubuntu, inaendelea kukuletea masasisho. RunCloud na ServerPilot hujenga vifurushi vyao wenyewe. Utaviona kwa majina: nginx-rc, nginx-sp. Vina faida zake, kwa mfano matoleo kadhaa ya PHP kuishi pamoja bila kugombana, lakini siku umeondoka unabaki na programu ambazo mtu mwingine ndiye mwenye kiwanda chake. Kwenye hali hiyo kuhama maana yake ni kujenga seva mpya na kuhamisha tovuti moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo tunashauri jaribio hili, tena ulifanye ndani ya kipindi cha bure kabla ya kutoa hata senti. Unganisha seva ndogo, weka tovuti moja halisi, halafu itenganishe na paneli. Iache wiki nzima. Ndani ya wiki hiyo, kwa SSH peke yake, ongeza domeini ya pili, huisha cheti, washa upya PHP, soma kumbukumbu za makosa, rudisha hifadhidata kutoka kwenye bekapu. Ulipokwama ndipo mkataba wako utakapokubana baadaye. Usipokwama popote, lipa kwa amani.

Gharama zikoje, kwa kweli?

Paneli nyingi za mbali hutoza kwa mwezi, ama kwa kila seva ama kwa mpango wenye seva nyingi, na mipango ya mwanzo mingi iko chini ya dola 20. Bei yenyewe ni nafuu kuliko saa mbili za fundi. Kinachouma ni mambo mawili ya pembeni.

La kwanza ni sarafu. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Mteja uliyemtoza kwa shilingi kwa mwaka mzima hajui habari hizo. Ongeza VAT ya huduma za kidijitali kutoka nje, 16% Kenya na 18% Tanzania na Uganda, ambayo baadhi ya kampuni huikata na nyingine bado. Na kadi: ukilipa kwa kadi pepe ya pesa za simu, hakikisha ina salio siku ya makato, kwa sababu malipo yakikataliwa paneli hukufungia usukumaji wa matoleo mapya kabla hujasoma barua pepe yao.

La pili ni kubadilika kwa bei ukiwa umeshazoea. Hili halihusu paneli za mbali tu. Mwezi Juni 2019 cPanel, iliyokuwa ikitoza bei moja kwa seva bila kujali ina akaunti ngapi, ilitangaza kutoza kwa idadi ya akaunti. Waliokuwa na mamia ya akaunti kwenye mashine moja waliona bili ikiruka, na wengi walihamia DirectAdmin na kwingineko kwa shida kubwa. Paneli ya mbali inaweza kukufanyia vivyo hivyo wakati wowote. Ulinzi pekee ni lile jaribio la kutengana tulilolieleza hapo juu.

Na barua pepe?

Paneli nyingi za mbali hazina barua pepe, na tunawaunga mkono. Aliyetoka cPanel hushtuka hapa, kwa sababu alizoea kuunda sanduku la info@ kwa kubonyeza mara mbili. Lakini kampuni nyingi za seva, DigitalOcean na Google Cloud zikiwemo, huzuia poti 25, na sifa ya anwani ya IP mpya ni ndogo mno kufikisha barua Gmail. Tafuta huduma ya barua pepe iliyo tofauti na seva, na umwambie mteja gharama hiyo mapema, kabla hujahamisha chochote. Hamisho nyingi za kutoka cPanel hukwama kwenye barua pepe, si kwenye tovuti.

Bekapu za paneli zinatosha?

Zinatosha kama bekapu ya pili. Ya kwanza iwe yako: nakala ya hifadhidata na mafaili, imefungwa kwa nenosiri, inakwenda kila usiku kwenye hifadhi ambayo paneli haina ufunguo wake na seva yenyewe haina ruhusa ya kufuta humo. Kumbuka Code Spaces. Na bekapu ambayo haijawahi kurudishwa kwenye seva nyingine haina haki ya kuitwa bekapu, hivyo irudishe angalau mara moja kila robo mwaka.

Inakubali Linux gani?

Mara nyingi Ubuntu LTS (toleo linalosaidiwa kwa muda mrefu) tu, na iwe seva mpya isiyo na kitu. Ukiwa na seva ya zamani inayofanya kazi, usiiunganishe. Paneli itapanga upya faili za Nginx na utakuwa na wageni wawili wanaogombea kiti kimoja. Kama bado uko CentOS 7, msaada wake uliisha Juni 30, 2024, na hilo ni tatizo la haraka kuliko paneli. Ubuntu 24.04 inasaidiwa hadi 2029.

Jambo moja hutokea sana: paneli hutakiwa ikupandishe kutoka toleo moja la Ubuntu kwenda lingine, nayo haifanyi hivyo. Njia yao ni kuunda seva mpya na kuhamisha. Panga muda na pesa za seva mbili kwa siku chache.

Sheria za ulinzi wa data zinanigusa?

Zinakugusa kama seva ina taarifa za watu, na karibu kila seva inazo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kamishna wake, Uganda ina yake ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023 pamoja na Tume yake. Zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi na kuhusu wanaozichakata kwa niaba yako.

Paneli haihifadhi hifadhidata ya wagonjwa wa zahanati, ni kweli. Lakini aliye na root anaweza kuisoma. Kwa hiyo ukiulizwa nani anaweza kufikia taarifa hizo, kumjibu mkaguzi "ni sisi tu" si ukweli. Omba mkataba wa uchakataji wa data kutoka kwa kampuni ya paneli. Zilizoko Ulaya huwa nao tayari kwa sababu ya GDPR, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data. Kwa hospitali, SACCO na mifumo ya shule yenye taarifa za watoto, ushauri wetu ni mkali zaidi: usiweke mtu wa tatu mwenye root bila sababu nzito na bila mwanasheria kuona karatasi.

Naendesha seva za wateja. Akaunti ya paneli iwe ya nani?

Swali hili linatugusa kuliko mengine, kwa sababu tumeona biashara za watu zikiteseka. Fundi amefungua akaunti kwa barua pepe yake binafsi, seva nne za wateja wanne zimo humo, kadi ni yake. Akapata kazi Dubai au akaugua, au wakakosana kuhusu malipo. Mteja hana nenosiri lolote. Hajui hata seva iko nchi gani.

Tunaomba ufanye hivi, kwa heshima ya kazi yako na ya mteja. Domeini isajiliwe kwa jina la mteja. Akaunti ya seva ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni yake, na kadi iwe yake, wewe ukaribishwe kama mshiriki. Akaunti ya paneli inaweza kuwa yako, maana ni kifaa chako cha kazi, ila seva ya mteja iwe na mtumiaji mmoja wa sudo ambaye ufunguo wake uko kwa mteja, kwenye bahasha au kwenye programu ya kutunzia manenosiri. Siku mkiachana, anaondoa ufunguo wa paneli yako na maisha yanaendelea. Usihofu kwamba mteja atakukimbia kwa kuwa ana ufunguo. Anayekukimbia kwa sababu hiyo alikuwa ameshaondoka.

Na wewe mteja unayesoma hapa: mwulize fundi wako leo, kwa upole tu, "Kaka, wewe usipopatikana wiki mbili, nani mwingine anaweza kuingia?"

Nani asitumie paneli kabisa?

Mwenye seva moja iliyotulia na asiyebadilisha kitu kwa miezi: washa masasisho ya usalama ya kiotomatiki, weka ufunguo wa SSH, zima kuingia kwa nenosiri, na Certbot, programu ya bure ya vyeti, ihuishe cheti. Yanatosha. Akitaka kuona hali ya mashine kwa kivinjari, Cockpit inayotoka kwa Red Hat ni nyepesi na haili kumbukumbu wakati hakuna anayeitumia, lakini aifikie kupitia njia ya SSH au VPN na poti 9090 ibaki imefungwa kwa nje.

Na upande wa pili kabisa, timu yenye seva nyingi na watu wawili au zaidi wanaojua kazi: ziandikeni seva zenu kwa Ansible, programu inayopanga seva kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa kwenye mafaili. Maagizo yote yanakaa kwenye Git (hifadhi inayotunza kila badiliko), yanasomeka, na seva ikiungua mnajenga nyingine ileile kabla ya chakula cha mchana. Paneli inakukumbusha jinsi seva ilivyo sasa; maandishi yanaeleza pia kwa nini.

Nimeamua kuondoka kwenye paneli. Nifute nini, na kwa mpangilio gani?

Kwanza hakikisha una njia yako ya kuingia: fungua SSH kwa mtumiaji wako wa sudo, na ukiache kikao hicho wazi muda wote wa kazi. Chukua bekapu na uitoe nje ya seva. Sakinisha Certbot na ujaribu kuhuisha kila cheti. Kagua kazi za ratiba za root na za kila mtumiaji, maana nyingine ziliwekwa na paneli na ndizo zinazopeleka bekapu au kuwasha foleni za kazi.

Kisha tenganisha seva kwenye ukurasa wa paneli. Usitosheke na kitufe hicho. Ingia ndani ufute mistari yao kwenye authorized_keys, ya root na ya mtumiaji waliyemuunda, iwe ni forge, ploi, runcloud au serverpilot. Usimfute mtumiaji huyo kabla hujaona ni tovuti zipi zinaendeshwa kwa jina lake, kwa kuwa mafaili yote yanaweza kuwa yake. Zima ejenti na uiondoe. Funga poti zao kwenye faiawoli. Badilisha nenosiri la root la hifadhidata, lililozaliwa kwao na huenda bado limehifadhiwa kwao. Nenda GitHub au GitLab ukaondoe funguo na ruhusa ulizowapa kwenye hazina za msimbo. Hizi ndizo zinazosahaulika kuliko zote, nazo hubaki hai kwa miaka.

Mwisho washa upya seva mchana, ukiwa umekaa hapo, uone kila huduma ikiamka yenyewe.